Mkoba wa Mzazi na Nyani wa Kirumbi

Mwenye usingizi aende akalale sasa hivi, maana hii si hadithi ya kumlaza mtu. Nimeisimulia mara nne. Mara ya kwanza marafiki wawili waliondoka hawasemeshani. Mara ya pili mume na mke waligombana mpaka chai ikapoa vikombeni. Mimi mwenyewe nikiifikisha mwisho siwezi kukaa. Nasimama, natembea, narudi, na bado sijapata jibu. Kwa hiyo tegeni masikio, na asiyesikiliza asije kuniuliza baadaye.

Walikuwepo watu watatu, na kila mmoja alikuwa na chake alichojaliwa.

Wa kwanza aliitwa Mrindoko. Alikuwa mrina asali, na Mungu alimjalia mikono. Mzinga alioutundika yeye, nyegere alikuja, akanusa, akazunguka shina siku nzima, kisha akaenda zake na njaa yake. Mrindoko alijua kamba ipite wapi, fundo likazwe vipi, tawi lipi litabeba na lipi litakuangusha. Lakini nyumbani kwake hapakuwa na mtoto. Mkewe alikuwa amezaa mara mbili na wakazika mara mbili, na Mrindoko alikuwa ameacha kabisa kulizungumza jambo hilo.

Wa pili aliitwa Nakijwa, mdogo wake Mrindoko. Huyu alilinda mahindi ya kwao tangu ana miaka saba, na alijaliwa kuwajua nyani. Alijua wakikohoa wanasema nini, na wakinyamaza wanapanga nini. Alijua pia jambo ambalo kila mwanamke wa mlima ule alilijua na lilimuudhi: nyani hamwogopi mwanamke. Akimwona mwanamume hutimua mbio toka mbali. Akimwona mwanamke hukaa, hujikuna, humtazama, halafu huendelea kuvunja mahindi. Nakijwa alikuwa na jambo moja lililomkereketa moyoni. Dada yake alipoolewa ng'ambo ya msitu, yeye alisusa harusi kwa sababu ya neno moja la hasira, na miaka mitatu ilipita bila hata salamu.

Wa tatu aliitwa Kazeni. Huyu alijaliwa pua na tumbo. Pua yake ilinusa mchuzi wa kijiji cha pili ikajua kama umetiwa kitunguu, na tumbo lake lilimaliza kila ilichonusa pua. Watu walimwita Tumbo tangu utotoni, wakubwa kwa wadogo, hata mama yake mzazi, mpaka wengine wakasahau kwamba ana jina jingine. Yeye alicheka kila alipoitwa hivyo. Mimi siamini kwamba alikuwa anafurahi.

Hao ndio watatu. Sasa habari yenyewe.

Mrindoko na Nakijwa walikuwa na ndugu yao wa katikati, Namkunda. Huyu ndiye aliyeolewa ng'ambo ya msitu wa Kirumbi, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Mume wake ni Mbazi, na Mbazi ni kaka yake Kazeni. Mwaka huo mvua ilizidi upande ule, mahindi yakaoza yakiwa bado shambani, na watu wakawa wanachemsha majani. Katikati ya njaa hiyo Namkunda akajifungua, siku ya Jumapili. Mtoto wa kike, mzima kabisa, ila maziwa hayakutoka. Mama hajala, maziwa yatoke wapi? Jirani mmoja aliyekuwa ananyonyesha alimgawia mtoto kidogo, na yeye mwenyewe hakuwa na cha kutosha.

Jumatatu Mbazi akamtuma Kazeni kwa wakwe zake. Kazeni akafika Jumanne jioni, miguu imevimba.

"Mama," alimwambia mama yake Namkunda, "mtoto ni mzima, lakini analia kile kilio chembamba. Nyie mnakijua. Kaka anaomba mkoba wa mzazi, na anaomba uje upesi. Na anasema hivi: atakayeuvusha mkoba huo msituni, mtoto atachukua jina lake."

Halafu Kazeni akaomba chakula, akamaliza sufuria nzima ya makande peke yake, na watu wakatazamana.

Hapa lazima niwaeleze mkoba wa mzazi, la sivyo mtapotea. Kwa watu wale, binti akijifungua, mama yake humfungia mkoba: unga wa ulezi, karanga, ndizi zilizokaushwa, na kibuyu cha samli. Ukishafungwa una miiko miwili. Wa kwanza, hakuna anayeonja kilichomo, hata kwa ncha ya kidole, mpaka mzazi mwenyewe aonje. Wa pili, haugusi ardhi. Wabebaji wakichoka wanautundika. Nilimuuliza bibi yangu sababu, akaniambia ndivyo ilivyo, na mimi nawaambia ndivyo ilivyo.

Na jina nalo lina taratibu zake. Mtoto hupewa siku ya saba, kabla jua halijazama, na hupewa moja tu. Jina halichagui mtoto wa kike wala wa kiume. Mtoto aliyepewa jina lako ni somo wako, na siku ukifa, watu wakiliita jina lako yupo wa kuitika. Sasa mnaelewa kwa nini Mrindoko hakulala Jumanne ile.

Mama yao alisaga ulezi mpaka viganja vikatoka malengelenge. Jumatano alfajiri wakaondoka watatu: Mrindoko na kamba zake za katani begani, Nakijwa na fimbo, Kazeni na mzigo mkubwa wa mihogo na viazi vya kuchemsha, ambao aliuita akiba ya safari. Mkoba waliupokezana.

Msitu wa Kirumbi haukai kimya. Kufika saa tatu asubuhi Nakijwa alianza kugeukageuka.

"Una nini?" Mrindoko akamuuliza.

"Tunafuatwa."

"Na nani?"

"Tembeeni tu. Kaka, nipe mkoba nibebe mimi."

Akaupokea. Matawi ya kulia yakaanza kutikisika, karibu, kisha karibu zaidi. Akamrudishia kaka yake, matawi yakatulia, mtikisiko ukarudi mbali. Akachukua tena, yakasogea tena.

"Mmeona?" akasema. "Wanatuhesabu. Wanajua mwanamke ni yupi, wanangoja nibaki peke yangu na mkoba."

Kuanzia hapo hawakukaa chini. Walikula kwa kutembea, walikunywa kwa kutembea. Kila tawi lililovunjika liliwashtua. Mbele yao kulikuwa na mteremko wa mawe, mkubwa, mweupe kwa jua, usio na hata kichaka, na mwisho wake ukuta wa mwamba. Mwamba ule mtu huweza kuushuka peke yake, lakini haupandiki mpaka mmoja apande kwanza na kamba, na mwingine asimame chini kumshikia. Wanaume wawili, mikono minne, yote ina kazi. Anayebaki kwenye uwanja wa mawe na mkoba mgongoni ni Nakijwa.

Nakijwa akasimama. "Shemeji, vua suruali."

Kazeni akakodoa macho. "Unasemaje?"

"Vua suruali na hiyo kofia ya pama. Nitakupa kanga yangu."

"Mbona hukumwambia kaka yako?"

"Kaka anapanda mwamba. Unataka apande na kanga?"

Basi wakabadilishana nyuma ya jiwe, kila mmoja akiangalia upande wake. Nakijwa akatoka ndani ya suruali iliyomzidi, pama usoni, fimbo mkononi. Lakini msidhani suruali peke yake inatosha. Nyani hatazami nguo tu, anatazama mwendo. Nakijwa akatembea mwendo wa kaka yake akiwa amekasirika. Akakohoa kama yeye, akatema mate kama yeye, akapiga jiwe kwa fimbo likatoa cheche. Kundi lilikuwa limeshuka kwenye mawe, nyani arobaini na zaidi. Dume lao likamjia mpaka hatua kumi, likakaa, likampigia miayo kumwonyesha meno. Nakijwa hakurudi nyuma. Alisimama palepale saa nzima na nusu, mkoba mgongoni, akigombeza kwa sauti nzito, mpaka kamba ikafungwa juu na yeye akavutwa.

Kazeni ndiye aliyeona cha moto. Amesimama chini ya mwamba na kanga yake yenye maua, nyani mmoja mdogo akaja kwa madaha, akachukua muhogo kwenye mzigo wake, akala akimtazama. Kazeni hakuwahi kunyang'anywa chakula na mtu yeyote tangu azaliwe.

"Cheka tu," alimwambia Nakijwa walipofika juu. "Cheka, lakini huyu mtoto nimemkariri sura."

Mkoba ulivuka mteremko kwa sababu ya Nakijwa. Hilo liwekeni akilini, tusonge.

Jioni ikawakuta ukingoni mwa msitu wa juu. Mkoba ni lazima utundikwe. Nakijwa akashuka bondeni kuchota maji, na Mrindoko akachagua mahali. Alichagua kama anavyochagua pa mizinga: miti miwili mirefu juu ya genge, mashina laini, hakuna tawi la chini. Akapitisha kamba kutoka mti hadi mti, akaufunga mkoba katikati, ukaning'inia hewani. Akajifuta mikono. Akasema hata nyegere mwenye digrii hafiki pale.

Nakijwa akarudi na maji. Akatazama juu, akatazama chini ya ile miti. Chini kulikuwa kumejaa mavi, ya zamani na ya leo asubuhi.

"Kaka," akasema polepole. "Hii ni nyumba yao. Ndipo wanapolala."

Mrindoko akainua uso kutazama matawi. Alikuwa ametundika mizinga miaka ishirini na kumkwepa nyegere, na nyegere halali mtini. Akashika shina apande kuutoa, lakini walikuwa wamechelewa. Kundi lilikuwa limeshafika, linapita juu yao tawi kwa tawi, kila mmoja na mahali pake, mama na watoto, na dume mwisho. Jua likazama, chakula cha Namkunda kikiwa kinaning'inia katikati ya familia ya nyani.

Usiku ule siwasimulii. Hakuna aliyelala, hakuna aliyefungua akiba kula, maana harufu ya chakula ingewashusha, basi.

Kulipopambazuka nyani wadogo wakaanza kujaribu. Mmoja akakanyaga kamba. Mrindoko alikuwa ameifunga kwa fundo la mizinga, kamba nyembamba inayozunguka ikikanyagwa, na yule nyani akageuzwa kichwa chini akaanguka vichakani. Wa pili vilevile. Wa tatu vilevile. Kamba ilitimiza kazi yake, tuseme haki. Lakini dume halikukanyaga. Dume lilikaa kwenye fundo la mti mmoja na kuanza kutafuna kamba.

Mrindoko akakamata shina la mti wa pili. Alipanda kwa mikono mitupu katikati ya nyani wanaopiga kelele masikioni mwake. Alipofika kwenye fundo la upande wake, kamba ikakatika kule kwa dume. Mkoba ukabembea, ukaja kwa kishindo, ukagonga shina chini ya miguu yake. Akajikunja akaukamata kwa mkono mmoja. Papo hapo jike moja likamrukia na kumng'ata ule mkono uliokuwa umeshika mkoba, likazamisha meno na kubaki hapo. Hakuuachia. Alilia kwa sauti, hakuona aibu, na hakuuachia. Jike lilipochoka likaachia, akateremka akivuja damu, akamtwika Nakijwa mkoba mgongoni, na haukugusa ardhi.

Uliokolewa na mikono ya Mrindoko. Na nani aliyeutundika pale? Mikono ileile. Naona wewe pale umeshaanza kuguna. Guna, lakini ngoja kwanza.

Walitembea mbio mbio. Mkono wa Mrindoko ulifungwa kwa kipande cha shati na ulikuwa unavimba. Walikuwa hawajafika mbali Kazeni aliposimama, pua juu.

"Samli."

"Nini?"

"Samli inavuja. Kibuyu kimepasuka pale kilipogonga mti."

Nakijwa akapitisha kiganja chini ya mkoba, kikatoka kinang'aa. Na kama Kazeni alinusa, basi hawakuwa peke yao. Nyani hawakuja juu ya miti sasa. Walikuja chini, kulia na kushoto na nyuma, na hawakujali suruali wala pama wala sauti nzito. Nakijwa akarusha mawe, wakayakwepa wakasogea. Mrindoko hakuweza kurusha hata jiwe moja. Mbele kulikuwa na kijito, na kandokando yake udongo mweusi wa mfinyanzi.

Nakijwa akaruka kijitoni, akaanza kuuteremsha mkoba mgongoni.

"Usiuweke chini!" Mrindoko akapaza sauti. "Nakijwa! Mama ataniambia nini? Usiuweke chini!"

"Kaka, kule kuna mtoto anakufa."

Akauweka. Akaulaza moja kwa moja kwenye tope, mkoba uliofungwa na mama yao, akakiona kibuyu kilipopasuka na kuanza kukikandika udongo, kwanza ufa, halafu kibuyu kizima, halafu mkoba wenyewe nje pote. Aliukandika mpaka hata Kazeni akainama, akanusa, akasema hasikii kitu. Lakini nyani walikuwa wameshawazunguka, na harufu ya samli ilikuwa imewaingia vichwani.

Sasa Kazeni. Kabla udongo haujaziba kila mahali, alikuwa ameikomba kwa viganja ile samli iliyomwagika nje ya mkoba. Akajipaka kifuani, shingoni, kwenye ile kanga yenye maua. Akajitwika mzigo wake wa mihogo, ule aliouita akiba.

"Nyie fuateni maji," akasema. "Mimi napita kwenye mianzi."

"Watakurarua, shemeji," Mrindoko akamwambia.

"Si wananipenda? Tangu jana wananiona mke wa mtu."

Akatoka mguu niponye, harufu ya samli ikimfuata, na kundi lote likageuka kumfuata yeye. Alipoona dume linamkaribia, akatupa muhogo. Nyani wakasimama kuugombania. Akakimbia, akatupa kiazi. Akakimbia, akatupa. Mtu ambaye hajala tangu jana asubuhi, mtu ambaye njaa ya saa moja kwake ni ugonjwa, alitupa chakula chake kipande kwa kipande, akiwatazama nyani wakila. Muhogo wa mwisho aliushika kidogo. Halafu akautupa nao.

Huko kwenye mianzi, nyani wakiwa nyuma wanapigana, akakaa. Akaangalia mikono yake. Vidole vilikuwa bado vinang'aa kwa samli. Hakukuwa na mtu. Akalamba kidole kimoja. Halafu akalamba cha pili. Kisha akainuka, akakimbia tena.

Wale wawili walifika Alhamisi alasiri. Namkunda alikuwa mlangoni na mtoto kifuani, na kilio kilikuwa chembamba mpaka unainama ukisikilize. Aliona mtu mwenye suruali, matope mpaka kichwani, anakuja na kitu mgongoni.

"Nani wewe?"

"Ni mimi, dada," akasema Nakijwa, na akavua pama. Alikuwa amepanga maneno mengi njia nzima.

"Ingia ndani," Namkunda akamwambia. "Ingia, mdogo wangu. Umechelewa."

Uji wa ulezi ukapikwa, ukatiwa samli iliyobaki. Kazeni aliingia jua linapozama, kanga imebaki matambara, mgongo umechanwa, akauliza jambo moja tu: kama mkoba umefika. Ijumaa asubuhi maziwa yakatoka. Adhuhuri mtoto akalia kilio kingine, kinene, cha kuudhi majirani, na wale majirani waliokuwa wanachemsha majani wakatoka nje kukisikiliza na wakapiga vigelegele. Namkunda alilia na kucheka kwa pamoja.

Laiti ningeishia hapo, sote tungelala. Lakini ikaja Jumamosi, siku ya saba.

Watu wakakusanyika uani alasiri. Mbazi akasimama. "Nilisema atakayeuvusha mkoba. Nilidhani atakuja mmoja. Wamekuja watatu, na jina ni moja. Nielezeni ilivyokuwa."

Mrindoko akaeleza, mkono wake umefungwa majani. Hakuficha kitu. "Niliutundika kwenye mti wa nyani. Kosa ni langu. Na nikaufuata mimi." Kisha akamtazama mtoto kwa namna iliyowafanya wanawake wawili wainamishe nyuso.

Nakijwa akasema, "Mimi niliuweka chini."

Uani ukaguna. Mama mmoja akasema mkoba uliogusa ardhi si mkoba tena, ni furushi, na mleta furushi hapewi jina. Mwingine akamrukia: "Ulitaka autundike tena? Kutundika ndiko kulikotaka kumuua mtoto!" Wakaanza kurushiana maneno, mpaka Mbazi akapiga makofi wanyamaze.

"Na Tumbo je?" mtu akauliza.

Kazeni alikuwa amekaa nyuma kabisa, kwenye kizingiti cha jiko. Wenzake walikuwa wameshasimulia mbio zake, hakuwa na haja ya kuongeza neno. Akasimama.

"Mimi nililamba," akasema.

"Ulilamba nini?"

"Samli ya mzazi. Kule kwenye mianzi. Kabla yeye hajaonja."

Wengine wakaangua kicheko. "Tumbo ni Tumbo!" kijana mmoja akasema. "Sasa mtoto wa kike aitwe Tumbo?" Uani mzima ukacheka, na Kazeni akacheka nao, kama kawaida yake. Namkunda hakucheka.

"Shemeji Kazeni," akamwita kwa jina lake, na kicheko kikapungua. "Ulilamba kiasi gani?"

"Vidole viwili."

"Ulikuwa umekula lini?"

"Jumatano asubuhi."

"Na nani alikuona?"

Kazeni akatikisa kichwa. "Hakuna," akasema.

Hapo hakuna aliyecheka tena. Wakaanza kutoa mashauri. Apewe majina matatu? Wazee wakakataa, mtu ana somo mmoja. Wapige kura? Mbazi akakataa, hakuahidi kura, aliahidi jina. Asubiri mpaka kesho? Siku ya saba haina kesho. Kivuli cha nyumba kilikuwa kimeshafika katikati ya uani, na Mbazi, aliyetoa ahadi kubwa kwa mdomo mwepesi, akamgeukia mke wake.

"Wewe ndiye uliyekula na mtoto ndiye aliyenyonya. Sema wewe."

Namkunda akasimama na mtoto mikononi. Akamtazama kaka yake, ambaye hajaomba chochote, na ambaye jina lake likikosa mtoto huyu huenda halitapata mwingine. Akamtazama mdogo wake, aliyesimama mbele ya meno ya dume na kisha akavunja mwiko wa mama yao bila kupepesa macho. Akamtazama shemeji yake, aliyetupa chakula chote alichokuwa nacho, akalamba vidole viwili, na akaja kusema mwenyewe.

Bila Nakijwa, mkoba ungebaki kwenye mawe. Bila Mrindoko, ungebaki mtini. Bila Kazeni, ungebaki kijitoni. Nimezipima hizo tatu usiku na mchana, nikiinua upande huu upande ule unashuka. Asubuhi nikiamka nasema ni damu, apewe Mrindoko. Nikishapiga mswaki nasema damu ya kosa lako mwenyewe ni malipo au ni zawadi? Basi ni Nakijwa. Lakini mwiko je, ni kitu au si kitu? Basi Kazeni. Na vile vidole viwili? Halafu naanza upya, na mguu hauachi kucheza.

Msiniambie mtafikiria. Jua limegusa kilima, Namkunda amefungua mdomo, na wale watatu wamesimama mbele yake wanamtazama. Mweke Namkunda kando, simama wewe mahali pake, umbebe mtoto wewe. Je, ungeita jina la nani, na wale wawili wengine ungewaambia nini ukiwatazama machoni?